Kiinua Mgongo cha Molu

Pale Garsen, ukimtaka mtu anayeijua Sheria ya Ajira kuliko hao walioitunga, utaambiwa nenda Idsowe kwa Martin Hiribae. Na ukikosa wa kukuambia, usihangaike, Martin atakuambia mwenyewe. Hakuwa wakili, msije mkanishtaki. Alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya mpunga iliyoingia deltani kwa vishindo ikatoka kimya kimya, na kwa miaka ishirini na mmoja kazi yake ilikuwa kuhesabu magunia. Lakini sheria ilimwingia kama dini inavyowaingia wengine, yaani baada ya msiba.

Msiba wenyewe ulikuwa huu. Kampuni ilipotangaza kufunga, Martin alikipangia kiinua mgongo chake matumizi hadi shilingi ya mwisho: mabati ya nyumba, pampu ya kunyunyizia shamba, na meno mawili ya mbele ya mkewe Sarah, ambaye alikuwa amechoka kucheka huku kajiziba mdomo. Akavaa shati jeupe, akaenda ofisini. Mama wa ofisini akamtazama kwa huruma akamwambia, "Mzee Martin, wewe ni mwanachama wa NSSF. Mwanachama wa NSSF hapati malipo ya utumishi. Ndivyo kinavyosema kifungu cha thelathini na tano." Martin akarudi nyumbani na barua ya shukrani pamoja na kalenda ya mwaka uliobakisha miezi miwili kwisha.

Basi akakitafuta hicho kifungu kilichomla. Akakitoa fotokopi, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akakisoma mara sita, na kila akifika kwenye neno "hapati" moyo ulimuuma upya, akafunga karatasi. Tangu hapo ukienda kwake kumjulia hali ulipewa chai na kifungu. Aliapa kwamba kabla hajafa ataona kwa macho yake tajiri mmoja, hata mmoja tu, akilipishwa malipo ya utumishi. Na Mungu, ambaye wakati mwingine husikia hata maombi yasiyofaa, akamletea Molu.

Molu Barisa alikuwa mchunga ng'ombe wa Abdikarim, tajiri wa mifugo mwenye duka la dawa za mifugo pale Garsen. Yeye na Martin walijuana tangu enzi za kampuni, Molu akileta ng'ombe kula mabua baada ya mavuno, Martin akinunua maziwa. Siku hiyo alikuja na mkewe Abdia, akiburuta mguu.

"Karani," alisema, maana hakuwahi kumwita jina jingine, "mimi nimekuja kukuaga. Goti limekataa. Abdikarim ameniambia nipumzike, mwisho wa mwezi namaliza. Tunahamia Minjila kwa binti yetu Nimo."

Martin aliweka kikombe chini. "Amekuambia mwisho wa mwezi? Yaani amekupa notisi?"

"Amenipa pole."

"Hiyo ni notisi, bwana! Umemchungia miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"NSSF unayo?"

Molu akamtazama mkewe. Abdia akainua mabega. NSSF ya wapi, porini na fisi?

Ala! Martin alisimama, akaketi, akasimama tena. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na saba, ameachishwa kwa notisi, hana NSSF! Mtu wa namna hiyo alikuwa akimwota. Akachukua kalamu. "Mshahara?"

"Elfu tisa. Na maziwa."

"Siku kumi na tano kwa kila mwaka, ndiyo nusu mwezi, elfu nne na mia tano. Mara kumi na saba…" Martin hakuhitaji kikokotoo, aliyehesabu magunia hahitaji. "Elfu sabini na sita na mia tano. Taslimu. Haki yako kisheria, Molu, si sadaka!"

Molu alizirudia hizo elfu polepole. Maishani mwake hakuwahi kushika hata nusu yake kwa mpigo mmoja. "Hizi ni pamoja na ng'ombe wangu," akauliza, "ama mbali na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

Hapo ndipo Molu alipomweleza lile ambalo kila mfugaji wa nyanda zile analijua, na karani wa magunia hakuwahi kuwa na sababu ya kulijali. Kila masika yakiisha, mchunga huchagua ndama jike mmoja katika zizi la tajiri. Ndama anakatwa sikio kwa alama ya mchunga, na kuanzia hapo yeye na wote watakaotoka tumboni mwake ni wa mchunga, ijapo wanalala zizi moja na wa tajiri. Siku ya kuachana mzee anaitwa, anamuuliza mchunga kama ana wanyama pale, mchunga anasema ninao, wanatengwa, anaondoka nao. Hakuna karatasi, na watu hawagombani.

"Walipita arobaini," Molu alisema. "Kiangazi kile kikubwa kikawala wengine. Sasa wamebaki ishirini na tatu."

Mwenye akili yoyote, hata aliyezaliwa jana, angesikia hapo utajiri. Martin alisikia hatari. Jasho lilimtoka. "Molu," akasema kwa sauti ya chini kama kwamba Abdikarim alikuwa nyuma ya mlango, "hao ng'ombe ndio watakaokuua. Kifungu kinasema hivi: mwajiri akiwa na mpango wake mwingine wa kukupa kiinua mgongo, hupati malipo ya utumishi. Hupati! Mimi nilimalizwa na NSSF, wewe utamalizwa na ndama. Abdikarim akifungua mdomo tu akasema 'nilikuwa nampa ng'ombe', sabini na sita elfu zako zimekwenda na maji."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiwataje. Ukiulizwa, sema huna."

Molu alitazama viganja vyake. "Mimi sijawahi kumkana ng'ombe, karani."

"Humkani, unamficha kidogo! Wana alama yako masikioni, watakwenda wapi? Kwanza tuchukue za sheria. Vumbi likitulia, utakwenda kuwachukua taratibu. Abdikarim ni mtu wa swala tano, atamnyang'anya mtu zawadi yake?"

Abdia, ambaye hakuwa amekunywa chai yake, alisema, "Karani, mshika mbili moja humponyoka."

"Aliyesema hivyo, mama Nimo, hakuwa na kifungu."

Abdia akamgeukia mumewe wakasemezana kwa lugha yao, na sura ya Abdia haikuhitaji mkalimani. Lakini Molu alikuwa na deni moyoni. Martin ndiye aliyemhangaikia kitambulisho cha taifa, miaka miwili ya nenda rudi, mpaka kikatoka. Ndiye aliyejaza fomu za Nimo za cheti cha kuzaliwa. Mtu aliyekufanya uwe Mkenya, utamkatalia nini? "Andika barua," Molu akasema.

Barua ilikuwa na kurasa tatu, na tangu Garsen iwe Garsen haijapata kuandikwa barua tamu kama ile. Ukurasa wa pili ulisema kwamba mfanyakazi huyu hakuwahi kupewa wala kuahidiwa na mwajiri mnyama, zawadi, au mpango wowote mwingine ule. Martin alipigia mstari "wowote".

Alhamisi saa nne wakakutana dukani kwa Abdikarim, katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe na madumu ya dawa ya kupe. Mzee Suleiman, ambaye wafugaji humwita kila wachunga na matajiri wanapoachana, alikuwa amekaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo. Abdikarim alikuwa mchangamfu, ameagiza chai ya maziwa na mahamri, anamtania Molu kwamba sasa atanenepa kwa kupikiwa na bintiye. Barua hakuwa ameifungua. Alidhani ni ya shukrani.

"Fardosa, hebu tusomee," akamwambia bintiye anayeshika hesabu za duka.

Fardosa alisoma. Kadiri alivyosoma ndivyo tabasamu la babake lilivyopungua, na alipofika kwenye "wowote" lilikuwa limekwisha. Abdikarim alimtazama Molu, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeona kitu asichokitambua. "Soma hapo tena," akasema. Fardosa akasoma tena.

Mzee Suleiman alijikohoza. "Haya. Karatasi imesema yake. Mimi nauliza kwa mdomo, kama tunavyouliza. Molu Barisa, una mnyama katika zizi la Abdikarim?"

Molu alitazama mlangoni, alikokuwa amesimama mkewe. Martin akakohoa.

"Sina," Molu akasema.

Kikombe cha Abdikarim kilirudi kwenye sahani. Mlangoni, Abdia alijitanda mtandio mpaka machoni.

"Nakuuliza mara ya pili. Una mnyama?"

"Sina."

Kwa desturi swali ni mara tatu, na kati ya la pili na la tatu mzee huacha nafasi ili mtu ajirudi. Suleiman aliiacha nafasi hiyo ndefu, wallahi, ndefu hata chai ikaanza kufanya utando. Martin aliona mzee anapoteza wakati wa watu. Akamgusa Molu kwa kiwiko.

"Nakuuliza mara ya tatu, na ya mwisho."

"Sina," Molu akasema, na sauti haikufika mlangoni.

"Limefungwa," akasema Suleiman.

Abdikarim alipumua. "Jana nilikuwa Minjila, zizini," akasema, akimwambia Suleiman na si Molu. "Nimetenga ng'ombe ishirini na tatu. Nimewalipia chanjo ili asihangaike nayo. Nikaongeza na fahali mmoja kwa mkono wangu, kwa ajili ya hilo goti. Kumbe mwenzangu sikuwahi kumpa kitu." Macho yalikuwa yamemlowa, na Martin, Mungu amsamehe, alifikiri huo ni ujanja wa matajiri.

"Usiyumbe," akamnong'oneza Molu. "Anakujaribu."

"Fardosa," Abdikarim akasema, "mlipe hizo anazodai. Zote. Na karani aandike kwamba hatudaiani."

Martin aliandika, tena kwa ule mwandiko wake wa stoo ulionyooka: kwamba Molu Barisa amelipwa haki zake zote, hana dai lolote la sasa wala la baadaye, la fedha wala la mnyama. Hilo la mnyama hakuambiwa na mtu. Alilitia mwenyewe, kwa ukamilifu wa kazi. Molu akatia dole gumba, noti zikahesabiwa mara mbili, na Martin akazitazama zikipita kutoka mkono hadi mkono. Miaka yote ile, mabati yale, meno yale ya Sarah! Leo kifungu cha thelathini na tano kimelipa.

Mchana huo Garsen nzima ilijua. Martin alisimama kwenye stendi ya bodaboda, akaingia hotelini, akapita sokoni kwa wauza samaki, na kote alisema lile lile: "Nimemlipisha Abdikarim!" Molu alipotaka kumpa elfu mbili za nauli alizikataa kata kata. Kwa rafiki, alisema, sheria haina bei.

Siku ya tatu Molu alikwenda Minjila kuwachukua ng'ombe wake taratibu, kama alivyoshauriwa. Wachunga waliokuwa zizini ni watu aliowafunza kazi yeye mwenyewe. Walimkaribisha, wakampa maziwa, wakamuuliza habari za goti, na alipotaja ng'ombe wakatazama chini. "Baba," wakamwambia, "tumesikia umeulizwa mara tatu." Hawakumzuia kwa fimbo. Walimwonea haya tu, na Molu akageuza.

Alipofika Idsowe na mkewe, alikaa kizingitini. Aliyesema ni Abdia. Alisema mengi, na mengine ni afadhali nisiyarudie mbele ya watu wenye heshima zao. Martin alimwambia atulie, kila jambo lina kifungu chake, ataandika barua ya pili. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki.

"Soma kwa sauti," Abdia akamwambia. "Chote. Usiruke."

Martin akasoma, akitafsiri. Hapati malipo ya utumishi mfanyakazi ambaye ni mwanachama wa NSSF. Hapati mwenye mfuko wa pensheni. Hapati aliye katika mpango mwingine wowote ulioanzishwa na mwajiri, ambao masharti yake ni bora zaidi kuliko…

Kidole kikasimama kwenye mstari.

"Rudia hapo," Abdia akasema.

"Bora zaidi."

"Bora zaidi maana yake ni nini, karani? Mimi sikusoma."

Maana yake aliiona sasa, imekaa pale siku zote baada ya lile neno lililokuwa likimfungisha karatasi. Sheria haikuwa imemtega Molu hata kidogo. Ilikuwa inasema kwamba kama tajiri ana mpango wake ulio mzuri kuliko huu wetu, mfanyakazi ale huo mzuri, na huu mdogo umwache. Sheria yenyewe ilikuwa upande wa ng'ombe. Ng'ombe mmoja sokoni ni elfu thelathini na tano, wengine arobaini. Martin, aliyehesabu magunia miaka ishirini na mmoja, alizidisha kwa ishirini na tatu kichwani akapata laki nane na zaidi. Amempigania rafiki yake mpaka akampatia bei ya ng'ombe wawili.

Akapanda boda hapo hapo hadi Garsen. Alimkuta Abdikarim na mzee Suleiman dukani, akawaeleza yote bila kujitetea: kwamba kosa ni lake, kwamba Molu alitaka kusema kweli, kwamba ni yeye aliyemwambia akane.

"Kwa hiyo ulimfundisha kusema uongo mbele yangu," Suleiman akasema. "Hilo nalo ni kifungu cha ngapi?"

Martin aliinamisha kichwa, na mzee akaendelea.

"Neno la ng'ombe likisemwa mara tatu halirudi, karani. Sisi hatuna karatasi. Tuna hilo tu. Leo nikilirudisha la Molu kwa sababu namhurumia, na kweli namhurumia, kesho kila mchunga na kila tajiri atakuja kuniambia alisahau."

"Na karatasi pia iko," Abdikarim akaongeza, tena kwa upole. "Uliandika vizuri sana."

Kwa wiki nzima Martin hakutoka nyumbani. Watu walikuja, maana sifa zake zilikuwa bado zinasafiri kwa kasi kuliko aibu yake. Wachunga wawili kutoka upande wa Madogo walifika na kuku wa zawadi, wakitaka nao walipishiwe matajiri wao kama Molu. Akawafukuza na kuku wao, wakaondoka wakisema mtu akishapata jina huanza maringo.

Jumamosi asubuhi Molu akaja, anachechemea, anamwongoza kwa kamba mtamba mwekundu aliyenona, sikio la kulia limekatwa pembe mbili. Alama hiyo Martin aliijua sasa.

"Abdikarim amenituma," Molu akasema. "Alikosa mtu wa kumleta, huyu hakubali kuongozwa na mgeni. Amesema umemwokolea zizi zima, na mtu hafanyi kazi bure. Halafu anasema uende umwandikie mikataba ya wachunga wake wanne waliobaki. Anawatia wote NSSF. Ndama hakuna tena."

Martin alirudi nyuma hatua moja. "Molu, ndugu yangu. Mchukue huyu. Naapa, mbele ya Mungu, ni wako."

"Mimi sina mnyama," Molu akasema. "Nimeulizwa mara tatu."

"Basi nakupa mimi! Zawadi!"

"Watu watasema nimekana mbele ya mzee kisha nikapitia nyuma ya nyumba kuchukua. Nimesema uongo mmoja, karani. Wa pili sitaki." Hakusema kwa uchungu. Afadhali angetukana. Aliiweka kamba mkononi mwa Martin, akamkunjia vidole juu yake. "Shika fupi, hivi. Anaitwa Diima. Ana mimba ya miezi sita. Akizaa, mwache ndama anyonye kwanza ndipo ukamue, na ukamue kwa upande wa kulia. Ukija kushoto atakupiga teke. Hapendi mbwa. Chumvi anapenda ya mkononi."

"Molu, nisamehe."

"Nimekusamehe," Molu akasema, na ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuumiza Martin kupita yote. "Abdia bado. Mpe muda."

Akamkwaruza ng'ombe kati ya pembe, akamwambia neno moja kwa lugha yao, akashika njia.

Sarah alitoka jikoni akifuta mikono kwa leso. Akamtazama ng'ombe, akamtazama mumewe. "Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wa Molu."

"Sasa mbona Molu anakwenda, na yeye yuko hapa?"

Martin Hiribae, ambaye tangu kampuni ifunge hajapata kuulizwa swali akakosa jibu, aligeuka akatazama njia. Kule njiani Molu alikuwa akienda mguu mmoja upande, bila kugeuka. Diima akalia, akavuta kamba kwa nguvu zake zote kumfuata, na Martin akaing'ang'ania kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka.